Chura wa Shemeji

Chura alikuwa na masikio.

Leland Peters aliuzunguka ubao mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Masikio yalikuwa palepale: mawili, ya mviringo, yametuna juu ya kichwa cha chura aliyechongwa kwenye ubao wa mwerezi wa manjano wenye kimo cha mtu mzima. Baada ya wiki tatu ubao huo ungesimamishwa kwenye kaburi la mama yake, ambaye nembo ya ukoo wake ilikuwa chura.

"Sema kitu, shemeji," alisema Dewey. Alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana ya Leland, amevaa koti la mpira la uvuvi, mkono wa kulia ameuficha mfukoni kama ilivyokuwa desturi yake. Mkono ule ulikuwa na gumba na vidole viwili. Vingine viwili vilibaki kwenye winchi ya mashua miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Ni mkubwa," alisema Leland.

"Mkubwa, eh?"

"Mkubwa hasa. Na haya masi... haya hapa juu?"

"Macho."

"Aaa. Macho. Na hapa chini?"

"Mashavu. Nimemfanya acheke kidogo."

Leland aliitikia kwa kichwa. Mtu huyuhuyu aliwahi kuwahutubia watu kwenye jumba la makumbusho kwa dakika arobaini juu ya ukope mmoja wa kunguru wa kuchongwa, hata mlinzi akaomba ruhusa ya kwenda kula. Leo ulimi wake ulikuwa umegeuka gogo.

"Paa la kwangu linavuja," Dewey aliendelea, "na hapa kwako kuna jiko. Acha ukauke. Mimi naenda baharini siku tano. Nikirudi nitaupaka mafuta, kazi imekwisha."

"Imekwisha," Leland alirudia, kwa sauti ya mtu aliyesomewa hukumu.

Dewey alitabasamu, akafunga vifungo vya koti, akaenda zake. Hakusema usiuguse. Halikumjia hata wazo kwamba hilo lilihitaji kusemwa.

* * *

Mganga hajigangi, na katika mji ule jambo hilo halikuwa methali bali sheria. Kila mtu alizaliwa katika upande mmoja kati ya miwili, Kunguru au Tai, akimfuata mama yake. Kunguru akifa, Kunguru wenzake hawanyanyui hata koleo. Tai ndio wanaochimba kaburi, Tai ndio wanaobeba jeneza, Tai ndio wanaochonga ubao. Mwaka ukigeuka, Kunguru huandaa karamu ya kumaliza msiba, wakawaita Tai wale, waburudike, walipwe jasho lao mbele za watu. Ndipo marehemu anapopumzika na wafiwa wanapoinua nyuso.

Kwa hiyo mchongaji bora wa mji hakuruhusiwa kumchongea mama yake mzazi hata kijiti cha kuchokolea meno. Kwamba yeye ndiye mchongaji bora, Leland hakuwa na shaka. Gazeti liliandika hivyo, na alikuwa amehifadhi nakala sita, kusudi moja ikilowa zibaki tano.

Ni kweli kwamba umaarufu huo ulikuwa na mipaka yake. Kiangazi kilichopita, kwenye meza yake bandarini, katikati ya hereni za pembe za kulungu, shanga za mti wa miiba na bangili za fedha, mama mmoja wa meli za watalii alimnyooshea simu na kumwomba picha. Leland alinyoosha mgongo, akashika patasi, akautazama mlima kwa huzuni ya kisanii. Yule mama alisubiri kidogo, kisha akamweleza kwa upole kwamba alimtaka ampige picha yeye na mumewe.

Mwaka uliopita, Tai walipokutana kugawana kazi za msiba, Dewey aliinua mkono wake wenye vidole pungufu akasema, "Ubao nitachonga mimi." Dewey alikuwa fundi wa injini. Wakati wa baridi alichonga vijiko, na vijiko vyake vilivujisha supu.

Ilikuwapo njia moja ya halali. Tai aliyeshindwa kazi aliweza kumwomba Kunguru mwenye ujuzi awe mkono wake, na hapo hapakuwa na kosa. Lakini lazima aombe mwenyewe. Mwaka mzima Leland alingoja kuombwa. Alipita kwa Dewey na patasi zilizonolewa. Alisema, "Mwerezi huu mgumu, unachosha mtu." Alisema, "Mikono yangu siku hizi haina kazi." Dewey alishukuru kwa patasi, akamshauri aende kuvua.

* * *

"Umeuona?" Verna aliuliza mezani, akimpakulia mumewe wali na samoni.

"Nimeuona."

"Ukoje?"

"Mzuri."

Binti yao Janelle alicheka puani. "Baba akisema mzuri namna hiyo, mtu anaweza kuzirai. Mara ya mwisho aliniambia hivyo nilipoimba kwenye mahafali. Sijaimba tena mpaka leo."

"Nimesema nini kibaya? Mzuri ni mzuri."

"Kaka yangu amejikata mara nne kwa ubao ule," alisema Verna. "Mara nne, Leland. Mara moja alishonwa nyuzi."

"Ndiyo maana kuna rangi nyekundu kwenye shavu?"

"Hiyo ni rangi. Alinunua."

Leland akatafuna polepole. Mkewe alikuwa Tai, na binti yake, kwa kuwa alizaliwa na Tai, alikuwa Tai. Chini ya paa alilolipia misumari yote, Kunguru alikuwa mmoja. Kila uchaguzi wa nyumba ile, kuanzia rangi ya mapazia hadi kituo cha televisheni, alikuwa akishindwa kwa kura mbili kwa moja.

"Leland," Verna alisema. "Usiuguse."

"Nani kasema nitaugusa?"

"Hebu tazama gumba lako."

Akatazama. Gumba lake lilikuwa linachora ukope wa chura juu ya kitambaa cha meza, lenyewe, bila kutumwa.

* * *

Siku ya kwanza aliufunika ubao kwa shuka. Siku ya pili aliondoa shuka, maana mbao lazima zipumue, kila mtu anajua. Siku ya tatu mvua ilimwagika tangu alfajiri, bandarini hapakuwa na meli, naye akaingia karakana na brashi ili afute vumbi tu.

Katika kufuta akaona ufa mdogo kando ya jicho la kushoto. Ufa ukiachwa utaingiza maji. Maji yakiingia ubao utaoza. Ubao ukioza atalaumiwa nani? Dewey. Basi kwa mapenzi aliyonayo kwa shemeji yake, Leland akachukua kisu kilichopinda.

Ilipofika saa sita mchana jicho la kushoto lilikuwa limezaliwa upya. Lilikuwa jicho la chura anayesikia mvua ikija kutoka mbali. Ukope ulipanda, ukajikunja, ukashuka kwa mstari mwembamba usio na mtikisiko hata mmoja. Leland hakuwahi kuchonga jicho kama lile maishani mwake. Alirudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa, akajipongeza kwa sauti. Jicho la kulia, kando yake, lilibaki kama kitasa cha mlango.

"Upepo umeturudisha," ilisema sauti mlangoni.

Dewey alikuwa analowa, na maji yalimtiririka kwenye ukingo wa kofia. Leland alikuwa na kisu mkononi na mabanzi ya mwerezi mapajani. Hata paka mwenye maziwa kwenye masharubu angepata uongo wa maana kuliko wake.

"Nilikuwa nafuta vumbi," alisema.

Dewey alisogea. Kisha akautoa mkono wake mfukoni, akaligusa jicho la kushoto kwa kidole, taratibu, akifuata ukope mpaka mwisho wake.

"Jicho zuri," alisema.

Akaligusa la kulia, lake, na kuuondoa mkono haraka kana kwamba ameshika chuma cha moto. Akaurudisha mfukoni.

"Ungeniambia tu, shemeji."

Akatoka. Alitembea katikati ya mvua bila kuvuta kofia ya koti, na Leland alibaki amesimama akitafuta neno la kumwita nalo. Lilipokuja, Dewey alikwisha kukata kona.

* * *

Jioni ile Verna aliingia jikoni, akavua aproni, akaikunja, akaiweka kitini. Akasimama wima kama karani wa mahakama.

"Kuna ujumbe," alisema.

"Kutoka wapi?"

"Upande wetu. Wazee wamekaa. Sisi hatutakuja kwenye karamu."

Leland alicheka. Halafu akaona kwamba amecheka peke yake. "Sisi nani?"

"Sisi Tai."

"Ukumbi nimekwisha kulipia. Blanketi za kugawa zimejaa chumbani. Samoni wamekaushwa, mayai ya heringi yako kwenye friji ya jirani, kwetu hayaenei. Wewe mwenyewe umetengeneza jemu chupa sitini!"

"Jemu ipo. Hakuna aliyesema jemu haipo."

"Na wewe pia hutakuja?"

"Mimi ni Tai, Leland."

"Wewe ni mke wangu!"

"Ndiyo. Nitakupigia pasi shati. Nitakupeleka kwa gari mpaka mlangoni mwa ukumbi. Kisha nitarudi nyumbani." Akaichukua aproni kitini, akaikunja upya. "Mama yako alikuwa mama yangu. Unadhani napenda?"

Leland akamgeukia Janelle.

"Usinitazame, Baba. Nilizaliwa upande huu, hukuniuliza."

Alikaa chini. Aliuona ukumbi: upande mmoja Kunguru wamejipanga na mavazi yao, wanaimba nyimbo za kilio, upande wa pili safu za viti vitupu. Nani angesimama kuwajibu? Nani angewaambia basi, futeni machozi? Blanketi angempa nani? Mama yake angebaki nusunusu, si wa msiba, si wa mapumziko, mwaka mwingine mzima, kwa sababu ya jicho la chura. Zuri, lakini jicho.

* * *

Mama Mkubwa Lorraine, dada wa marehemu, alikuwa na miaka themanini na sita, naye ndiye aliyeshika neno la mwisho katika ukoo wao. Leland alimkuta akijaza mwani mkavu kwenye chupa huku akitazama mpira wa kikapu.

"Ngoja," alisema bila kugeuka. "Huyu mtoto anapiga mipira miwili ya adhabu."

Leland alingoja. Mtoto akakosa yote miwili. Mama Mkubwa akamlaani pamoja na kocha wake, kisha akazima televisheni.

"Nimesikia," alisema. "Mji mzima umesikia. Hata mbwa wa posta amesikia."

Leland akaweka mezani kifurushi cha kitambaa, akakifungua. Ndani mlikuwa na bangili pana ya fedha, kazi ya miezi miwili, ambayo duka moja mjini lilikwisha kuahidi kuinunua kwa dola elfu mbili na mia nne.

"Nitampa Dewey hii. Mbele za watu. Inatosha?"

Mama Mkubwa aliivaa, akaugeuza mkono kwenye mwanga. "Nzuri mno."

"Asante, Mama Mkubwa."

"Haifai. Ukimpa hii utakuwa umemwonyesha mara ya pili kwamba wewe ni fundi kuliko yeye."

"Basi nimpe nini?"

Alisukuma chupa, akaifunga, akachukua nyingine. "Niambie. Tangu dada yangu afe, umelia lini?"

Leland alifikiri. "Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani? Kaburi walichimba wao. Jeneza walibeba wao. Hata vyombo siku ya mazishi waliosha wao. Unadhani kwa nini tunawaachia? Kwa sababu hatujui kuosha vyombo? Wao wanafanya kazi ili sisi tupate nafasi ya kulia, mwanangu. Sasa wewe umewanyang'anya yao. Ya kwako nani atakufanyia? Mimi? Macho yangu makavu, machozi yenyewe nanunua duka la dawa, matone manne kwa siku."

Leland alitazama mikono yake. Ilikuwa na mikwaruzo ya mwaka mzima: bangili, hereni, vinyago, bakuli. Kweli, hakuwahi kuchonga vingi kama mwaka ule. Alidhani ni baraka.

"Nenda kwake," alisema Mama Mkubwa. "Mpelekee ubao wake, maana si wako. Zaidi ya hapo usibebe kitu. Bangili niachie hapa, isije ikakufuata njiani."

* * *

Dewey alikuwa chini ya paa lake linalovuja, ameinamia injini. Leland aliushusha ubao kutoka kwenye gari, umefungwa shuka, akauegemeza ukutani.

"Shemeji," aliita.

"Mchongaji," Dewey alijibu, akiendelea kufungua nati.

Lilimchoma. Lilikusudiwa limchome.

"Nimekosa."

"Sema vizuri. Mama wa ng'ambo ya barabara amefungua dirisha kwa ajili yako, usimnyime."

Leland aligeuka. Ni kweli, pazia la ng'ambo lilikuwa limesogea. Alivuta pumzi. "Nimekosa!" alipaza sauti, na mbwa wawili wakamwitikia.

"Umekosa nini?"

"Nimegusa kazi ya Tai. Niliona haya. Nilisema watu watautazama ubao wa mama wa Leland Peters, watasema nini? Sikumfikiria mama. Nilimfikiria Leland Peters."

"Namfahamu huyo," alisema Dewey. "Nilimsoma gazetini."

"Ulilipata wapi?"

"Mama yako alinipa. Nakala mbili. Alikuwa anagawa kama vipeperushi vya kanisa."

Leland hakujua acheke au ajifiche. Dewey aliweka spana chini, akajifuta mafuta kwenye suruali.

"Unajua kwa nini sikukuomba unisaidie? Usidhani sikuelewa. Mtu anakuletea patasi zilizonolewa mara saba, hata kama ni fundi wa injini utaelewa." Alikaa juu ya ndoo. "Nilipokatwa vidole, mama yako alikuja hospitali kila siku na kusuka kikapu chake pale kitandani. Siku moja akasema, siku yangu ikifika, ubao utanichongea wewe. Nikamwambia, Mama, na mkono huu? Labda nimwombe Leland awe mkono wangu. Akasema, thubutu. Leland atanipamba mpaka watu waniulizie bei."

Kicheko kilimtoka Leland kabla hajakizuia, kwa kuwa ilikuwa sauti yake kabisa, mama, na namna yake ya kumvua mtu nguo kwa upendo.

Dewey alikuwa amekwisha kufungua shuka. Aliyatazama macho yale mawili, moja la ajabu na moja kitasa.

"Hayawezi kubaki hivi. Watasema bibi alipata kiharusi."

"Utafanya nini?"

"La kwangu siwezi kulipandisha lifike lako. Kwa hiyo lako litashuka." Alichukua patasi na nyundo ya mbao. "Mkono huu haushiki vizuri ubao ukiruka. Nishikie."

"Mimi? Si nitakuwa nagusa tena?"

"Safari hii nimekuomba."

Leland alipiga magoti kwenye saruji, akaukumbatia ubao kwa mikono yote miwili, shavu lake karibu na mwerezi. Ulinuka kama karakana, kama sanduku la nguo za mama yake. Dewey akapiga. Ukope ulioisikia mvua ikija kutoka mbali ukaruka vipande viwili, kimoja kikamwangukia Leland begani. Mchongaji ndani yake alipiga yowe. Dewey akapiga tena, akakosea, akatukana, akapiga tena. Kila pigo lilipita kwenye mbao, likaingia mikononi mwa Leland, likashuka kifuani, na huko kifuani lilikuwa linafungua kitu kilichopigiliwa misumari mwaka mzima.

Kwanza alidhani ni vumbi. Kisha hakuweza kudhani hivyo tena, maana mabega yake yalikuwa yanatikisika na ubao ukatikisika pamoja naye, na sauti iliyokuwa inamtoka haikuwa sauti ya mtu mwenye nakala sita za gazeti.

"Samahani," alijaribu kusema. "Nakutikisia kazi. Ngoja kidogo, nita..."

"Ningoje nini? Wewe lia. Mimi nachonga."

Akaendelea kuchonga. Ng'ambo, pazia lilirudishwa polepole. Jicho la kushoto lilianza kuvimba, likawa la mviringo, likawa sikio. Dewey alilipuliza, akalilinganisha na mwenzake kwa gumba, akaridhika.

"Karamu inaanza saa ngapi?" aliuliza.

Leland alijifuta uso kwa bega. "Saa kumi."

"Tutafika saa tisa. Dada yangu hapendi viti vya nyuma." Akainua tena nyundo. "Shika, bado mdomo."